Kisu Kipya cha Kukunja Hakijamalizwa Kutengenezwa

Je, una kisu cha kukunja? Watu wengi wa Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju wanacho. Kisu hiki kinakaa mfukoni bila kutoboa nguo. Kinamenya chungwa. Kinakata kamba. Kinachonga penseli ya mtoto. Kinakata mchicha bustanini. Ni chombo kidogo chenye kazi nyingi.

Lakini kisu cha kukunja kina jambo moja ambalo kisu cha jikoni hakina. Kina kiungo, kama goti la mtu. Kiungo hicho kikilegea, kisu kinamgeukia mwenyewe.

Mimi yamenipata. Nilinunua kisu kipya kwa machinga barabarani. Kilikuwa kinang'aa kama kioo. Kijana aliyeniuzia alikifungua na kukifunga mara mbili, tak, tak, akaniambia, "Chukua, mwalimu, hiki utamwachia mwanao." Jioni ile ile nikaanza kufuma kitanda cha kamba ya katani. Fundo moja likagoma. Nikaingiza ncha ya kisu katikati ya fundo, nikasukuma. Kisu kikajikunja. Makali yakaingia kwenye kidole changu cha shahada mpaka nikaona weupe ndani.

Nilikwenda zahanati nimefunga kidole kwa kipande cha kanga. Nikashonwa, nikachomwa sindano ya kuzuia pepopunda. Kwa wiki mbili sikuweza kushika chaki.

Kidole kilipopona nilikaa chini nikakifungua kile kisu chote. Ndani nilikuta grisi nyeusi iliyochanganyika na unga wa chuma. Skrubu ya kiungo ilikuwa imelegea kiasi kwamba niliigeuza kwa ukucha. Basi nikaelewa. Makosa yalikuwa ya watu wawili. Aliyekiunganisha kiwandani aliharakisha. Na mimi nilikitumia bila kukikagua. Mtu akinunua baiskeli mpya haipandi moja kwa moja kutoka kwenye katoni. Kwanza fundi anakaza nati, anapaka grisi, anajaza upepo. Kisu cha kukunja nacho ni hivyo hivyo. Kinatoka kiwandani kimeunganishwa, lakini kazi ya mwisho inakungoja wewe.

Kazi hiyo inafanyika nyumbani, tena kwa vitu vya kawaida. Leo tutaifanya pamoja.

MAJINA YA SEHEMU ZA KISU

Kwanza tukubaliane majina, tusije tukapotezana njiani. Chuma kinachokata tutakiita bapa. Bapa lina makali upande mmoja, mgongo upande wa pili, na ncha mbele. Nyuma ya bapa kuna sehemu isiyo na makali inayoingia ndani ya mpini. Hiyo tutaiita kisigino. Kisigino kina tundu, na katika tundu inapita pini. Hapo ndipo bapa linapozungukia. Ndani ya mpini, kila upande, mara nyingi kuna bamba jembamba la chuma. Kati ya bapa na bamba kuna washa, yaani kiduara chembamba cha shaba au plastiki chenye tundu katikati. Washa ndiyo inayofanya bapa lisisuguane na bamba.

KISU CHAKO NI CHA AINA GANI?

Kuna visu visivyo na loki. Hivi vina springi ndefu ya chuma mgongoni mwa mpini. Springi inakikandamiza kisigino, kwa hiyo bapa linakaa wazi au linakaa limefungwa. Lakini kukandamizwa siyo kufungwa kwa loki. Ukisukuma kwa nguvu, springi inainuka na bapa linarudi.

Angalia jambo hili vizuri. Ukikata kwa makali, nguvu yako inazidi kulifungua bapa. Hapo huna hatari kubwa. Lakini ukichoma kwa ncha, au ukitoboa, au kisu kikikwama ukakivuta huku mgongo wa bapa umeegemea kitu, nguvu inalifunga bapa. Na kati ya bapa na mpini kuna vidole vyako. Kwa hiyo kisu kisicho na loki kitumie kwa kukata tu, usitobolee.

Aina ya pili ni visu vya ulimi. Hivi ndivyo vilivyojaa siku hizi katika masoko yetu, na vingi vinatoka China. Bamba moja la ndani limechanwa kwa urefu likaacha kipande kirefu kilichopinda kidogo kwa ndani. Hicho ndicho ulimi. Ukifungua bapa mpaka mwisho, ulimi unaruka na kusimama nyuma ya kisigino, kama mtu aliyeweka mguu nyuma ya mlango. Ukitaka kufunga kisu, unausukuma ulimi pembeni kwa dole gumba. Kisu changu kilichonikata kilikuwa cha aina hii. Mlango ulikuwapo na mguu ulikuwapo, ila mguu ulisimama kwenye grisi.

Aina ya tatu ni visu vyenye loki ya mgongoni. Mmoja wao una historia inayotuhusu. Ni kisu cha Okapi, chenye mpini wa mbao na pete ndogo ya chuma mgongoni. Kisu hiki kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, nacho kilikusudiwa kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Wakati ule Dar es Salaam yetu ilikuwa makao makuu ya koloni mojawapo. Kikapewa jina la okapi, mnyama wa misitu ya Kongo mwenye miguu yenye mistari kama pundamilia, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wametoka tu kumfahamu. Tangu mwaka 1988 visu hivyo vinatengenezwa Afrika Kusini. Ukikifungua kinalia krr, krr, krr, kwa sababu kisigino chake kina meno. Ukitaka kukifunga, unavuta ile pete. Mzee mmoja alinionyesha cha kwake, mpini umekwisha kwa kushikwa lakini loki bado inauma.

SKRUBU AU RIBITI?

Sasa tazama pembeni mwa mpini, pale penye pini. Ukiona kichwa cha skrubu, kisu kinafunguka. Ukiona kichwa cha mviringo kisicho na tundu wala mfereji, hiyo ni ribiti. Imegongwa, haifunguki. Usijaribu kuikata. Visu vya ribiti nitavieleza baadaye, maana vina dawa yake.

Skrubu za visu vingi si za mfereji mmoja, wala si zile za msalaba. Tundu lake ni nyota ndogo yenye pembe sita. Usilazimishe kwa ncha ya kisu kingine au kwa msumari. Utaharibu tundu na hutafungua tena. Bisibisi yake inauzwa maduka ya vifaa, ina namba. Kwa visu vidogo namba 6 na namba 8 zinatosha mara nyingi. Kama hutaki kununua, nenda kwa fundi simu wa mtaani kwako. Yeye anazo bisibisi ndogo za nyota. Mwazime, au mpe soda akufungulie.

KUFUNGUA

Tafuta mahali penye mwanga wa jua. Weka sinia au ungo mbele yako, na juu yake tandika kitambaa cheupe. Skrubu za kisu ni ndogo kama chembe za mchele. Ikidondoka mchangani, kwaheri. Mimi naweka karibu sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Imeshaniokolea skrubu mara tatu.

Chukua pia karatasi na kalamu. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapolipa. Andika 1, 2, 3 na kuendelea. Kila skrubu unayoitoa iweke juu ya namba yake, na pembeni andika imetoka wapi: "1, ya kiungo", "2, ya katikati", "3, ya mkiani". Usiseme utakumbuka. Skrubu hizo zinafanana kwa macho lakini urefu wake mara nyingi hautoshani. Ukiweka ndefu mahali pa fupi, itatokeza ndani na kukwaruza bapa. Kama simu yako ina kamera, piga picha kila unapotoa kitu.

Kabla hujaanza, zungushia bapa kitambaa au gundi ya karatasi, makali yasionekane. Kisha geuza bisibisi kwenda kushoto, kinyume cha mwendo wa saa. Bonyeza kwa nguvu, geuza polepole. Skrubu ya kiungo wakati mwingine inazunguka pamoja na upande wa pili. Hapo unahitaji bisibisi mbili, moja ishike upande huu, nyingine igeuze upande ule.

Kuna skrubu zinazogoma kabisa. Sababu ni kwamba kiwandani wametia gundi kwenye nyuzi zake ili zisilegee. Usipigane nazo. Fundi redio anacho chuma cha moto cha kuyeyushia risasi. Ukigusisha ncha yake kwenye kichwa cha skrubu kwa muda mfupi, gundi inalainika na skrubu inatoka. Usitumie moto wa jiko la mkaa kwenye kisu. Nitasema kwa nini tukifika kwenye kunoa.

Skrubu zikitoka, inua upande mmoja wa mpini taratibu. Tazama kwanza, usiguse. Washa zimekaaje? Ipi iko kushoto, ipi kulia? Je, pini ni duara tupu, au ina upande uliokatwa bapa? Kama imekatwa, tundu la bamba nalo limekatwa hivyo hivyo, na wakati wa kurudisha lazima vilingane. Baadhi ya visu vipya havina washa za kawaida, vina gololi ndogo ndogo zilizopangwa kwenye kiduara. Hizo zitoe zikiwa pamoja, na uziweke ndani ya kifuniko cha chupa.

KUSAFISHA

Mimina mafuta ya taa kidogo kwenye kikopo. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko na kibatari, wala usivute sigara. Sugua kila kipande kwa mswaki wa zamani, isipokuwa vipande vya plastiki na mbao. Hivyo vifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Utashangaa uchafu utakaotoka katika kisu ambacho hakijakata hata chungwa moja. Ni mabaki ya kiwandani: grisi, unga wa jiwe la kusagia, na vipande vidogo vya chuma.

Sehemu mbili zisafishe kwa uangalifu zaidi. Ya kwanza ni uso wa ulimi, pale unapogusana na kisigino. Ya pili ni uso wa kisigino wenyewe. Nyuso hizo mbili zinatakiwa ziwe kavu kabisa, bila mafuta. Watu wengi wanapaka mafuta kila mahali wakidhani wanakitunza kisu. Mafuta kwenye loki yanateleza. Hapo ndipo niliumia mimi.

Ukimaliza, osha vyote kwa sabuni na maji ili harufu ya mafuta ya taa iishe, maana kisu hiki kitagusa chakula. Kausha kwa kitambaa, kisha anika juani kwa muda.

Sasa mafuta. Yanayofaa ni mafuta ya cherehani, yale ya chupa ndogo. Tone moja kila upande wa washa linatosha. Usitumie mafuta ya alizeti kwenye kiungo. Mwanzoni yatalainisha, lakini baada ya siku nyingi yanaganda na kunata kama gundi. Umeshaona chini ya kikaango cha zamani? Ndivyo kiungo kitakavyokuwa.

KURUDISHA NA KUKAZA

Rudisha vitu kwa kufuata karatasi yako, ukianzia mwisho kwenda mwanzo. Weka skrubu zote, lakini usizikaze. Zishike tu. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya wenzake, mpini unapinda na bapa linalala upande.

Funga bapa, kisha tazama kwa juu kama unavyotazama ndani ya mtaro. Bapa liko katikati? Kama limegusa upande wa kushoto, lisukume kidogo kwenda kulia kwa kidole huku unakaza skrubu za mpini, moja hii, moja ile, kidogo kidogo. Skrubu ya kiungo iwe ya mwisho.

Hiyo skrubu ya kiungo ndiyo roho ya kisu. Ikaze mpaka bapa liwe gumu, halafu ilegeze kidogo sana, kama mshale mrefu wa saa unavyosogea kwa dakika tano. Jaribu. Bado gumu? Legeza tena kiasi kile kile. Utajuaje kwamba umefika? Fungua bapa, shika mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa bapa kwa mkono mwingine, kisha tikisa kushoto na kulia. Lisicheze hata kidogo. Halafu lifunge na kulifungua. Liende laini, bila kukwama, lakini lisianguke lenyewe kwa uzito wake. Mambo hayo mawili yakikutana, acha. Usiongeze.

Hapa kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Bapa likicheza kushoto na kulia, dawa ni skrubu ya kiungo. Likicheza juu na chini, skrubu haiwezi kukusaidia. Hapo loki ndiyo mbovu, haikikamati kisigino. Ukikaza skrubu utalificha kosa, lakini loki bado haitashika. Kisu kama hicho kirudishe kwa aliyekuuzia mapema, ungali unaikumbuka sura yake.

Skrubu ikishakaa sawa, unaweza kuizuia isilegee tena. Itoe, paka rangi ya kucha kidogo kwenye nyuzi zake, rudisha, acha ikauke. Rangi ya kucha inashika kiasi cha kutosha na siku nyingine bisibisi itaifungua. Usitumie ile gundi kali ya kuunganishia viatu na vikombe, maana hutaifungua milele.

KUPIMA LOKI

Usiruke sehemu hii. Fungua kisu cha ulimi na utazame mahali ulimi uliposimama. Gawa upana wa kisigino sehemu nne kwa macho. Ulimi ukishika robo moja mpaka nusu, ni vizuri. Ukigusa ukingo tu, utateleza. Ukiwa umevuka hadi upande wa pili, umekwisha kuliwa na hauna maisha marefu.

Halafu fanya jaribio. Shika mpini kwa pembeni, vidole vyote viwe nje ya njia ambayo bapa lingepita likijifunga. Narudia, vidole viwe nje. Kandamiza mgongo wa bapa juu ya ukingo wa ubao, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu zaidi. Halafu gonga kidogo kidogo. Loki nzima haitikisiki. Kama inaachia hata mara moja katika mara kumi, basi kisu hicho kihesabu kama hakina loki.

Kuna mafundi watakuambia wachukue tupa wausugue ulimi "ukae vizuri". Kataa. Chuma kikishaondoka hakirudi, na ulimi uliosuguliwa vibaya unaachia ghafla zaidi kuliko mwanzo.

VISU VYA RIBITI

Katika darasa letu yuko mama mmoja muuza machungwa pale Mbagala Rangi Tatu. Msimu wa machungwa ya Muheza anamenya tangu asubuhi mpaka taa zinawashwa. Siku moja baada ya somo alikuja na kisu chake kipya, cha springi, chenye ribiti.

"Mwanangu mwalimu," alisema, "hiki kisu kinanichezea. Nikizungusha chungwa, chenyewe kinazunguka. Jana kimenigusa kidole. Nikashindwa kumenya, kwa maana maji ya chungwa yakiingia kwenye kidonda, ah, usiseme."

"Mama, ulikinunua lini?"

"Juzi tu. Kile cha kwanza kilikuwa kigumu mpaka ukucha ulivunjika kukifungua. Hiki kimelegea. Sasa nifanye nini, ninunue visu kila wiki?"

Tulikiosha kwanza, tukatoa grisi. Kisu cha ribiti hakifunguliwi, basi tulikitumbukiza chote kwenye mafuta ya taa na kukifungua na kukifunga mara nyingi, mpaka mafuta yakaacha kutoka meusi. Tukakiosha kwa sabuni na kukikausha. Kisha tukalaza kichwa cha ribiti juu ya chuma kizito. Sisi tulitumia kisogo cha shoka. Kichwa cha upande wa pili tukakigonga kwa nyundo ndogo. Siyo kupiga, ni kugonga, kama unavyopasua ganda la yai. Mgongo mmoja, unajaribu. Mgongo wa pili, unajaribu. Mama alitaka tuongeze. Nilikataa, kwa sababu ribiti ukiibana kupita kiasi kazi ya kuilegeza ni ndefu: unatia mafuta na kufungua na kufunga mpaka mkono uume. Kwa mgongo wa nne bapa likaacha kucheza.

Na kile cha kwanza, kile kigumu? Alikuwa amekitupa chini ya kitanda. Kilikuja darasani wiki iliyofuata. Hakikuhitaji nyundo. Kiliogeshwa mafuta ya taa, kikapewa tone la mafuta ya cherehani kila upande, kikafunguliwa na kufungwa mara hamsini huku tunaongea. Kikalainika.

KUNOA

Kisu kipya kinaweza kuonekana kikali, kumbe makali yake ni ya kukwaruza tu. Kinoe mwenyewe. Tumia kinoo cha dukani chenye pande mbili, moja ya mikwaruzo na nyingine laini. Kama huna, chukua msasa wa maji, ule wa mafundi rangi za magari. Gundisha namba 400 upande mmoja wa ubao ulionyooka na namba 1000 upande wa pili. Ngazi ya saruji, ambayo wengi tunaitumia, ina mchanga mkubwa na haina usawa. Inatoa meno meno kwenye makali.

Bapa lishikwe kwa mwinamo gani? Chukua karatasi ya daftari. Kona yake ina digrii 90. Ikunje kona hiyo katikati, unapata 45. Ikunje tena, unapata 22 na nusu. Simamisha kona hiyo juu ya kinoo na uegemeze bapa kwa mwinamo huo, au chini kidogo. Mwinamo huo unafaa kwa kazi zetu nyingi.

Lowesha jiwe. Sukuma bapa kana kwamba unataka kukata kipande chembamba cha juu ya jiwe, kuanzia kisigino mpaka ncha. Noa upande mmoja mpaka, ukipapasa upande wa pili kwa kidole kutoka mgongoni kwenda nje, usikie mkwaruzo mdogo kama kidevu kilichonyolewa jana. Usipapase kwa kufuata urefu wa makali, utakatika. Ukisikia mkwaruzo huo, geuza upande. Kisha hamia kwenye jiwe laini, mara chache kila upande. Malizia kwa kuvuta bapa kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi. Kama huna mkanda wa ngozi, geuza kikombe cha kaure. Ule mviringo wa kitako usio na rangi unanoa vizuri sana. Pima kwa kukata karatasi ya gazeti, lakini siyo gazeti hili.

Sasa ule moto. Wanao wenzetu wanaopita mitaani na baiskeli iliyofungwa jiwe la kuzunguka. Wanafanya kazi ya haraka na wengine ni mafundi hasa. Lakini tazama cheche. Chuma cha kisu kimepewa ugumu wake kwa joto, na kwa joto kinaweza kuupoteza. Bapa jembamba likisuguliwa bila maji linapata moto kwenye makali. Ukiona rangi ya bluu, ujue pale pamefika kiasi cha nyuzijoto 300, na chuma cha visu vyetu vya kawaida kimelainika. Kitakata leo, kesho butu. Mwambie fundi achovye kisu kwenye maji kila mara. Asipotaka, chukua kisu chako.

Usidanganyike na maandishi kwenye bapa yanayosema chuma hiki hakishiki kutu. Chuma cha namna hiyo kimechanganywa na kromiamu, zaidi ya sehemu 10 katika kila 100, na kweli kinastahimili. Lakini chumvi inakishinda. Sisi wa Dar es Salaam tunaishi na upepo wa bahari, na watu wa Kunduchi na Kigamboni wanajua mabati yao yanavyoliwa. Maji ya chungwa na ya limau nayo yanakula makali. Kisu kikimaliza kazi kisuuze, kikaushe mpaka ndani ya kiungo, ndipo ukikunje.

Mtoto asikichezee, hilo mzazi analijua. Na kama unakwenda uwanja wa mpira pale Temeke, kiache nyumbani. Mlangoni wanapapasa mifuko, nawe huendi kumenya machungwa jukwaani.

Yule mama wa Rangi Tatu sasa anavyo visu viwili, kimoja cha asubuhi na kimoja cha jioni. Kila siku kabla ya kupanga machungwa yake anafungua kisu, anakishika mgongo, anakitikisa karibu na sikio. Kikilia, anakirudisha kwenye kapu, na jioni kinakuja darasani.